Ukaguzi wa Pua Barazani Kwangu

Jumatano, 2 Julai 1952

Daftari jipya! Si jipya sana. Ni la forodhani, walinipa siku niliyostaafu ukarani. Kurasa za mbele zilikuwa na hesabu za magunia ya mbata. Nimezichana. Kuanzia leo humu ni mambo yangu mimi, Mwinyijuma, na asiyehusika asifungue.

Nyumba yangu ya kulelea watoto inakwenda vizuri. Leo walikuwa kumi na mmoja, hakuna aliyefika miaka minne. Mama zao wako bonde la Ruvu wanavuna mpunga, wanaondoka alfajiri na kurudi alasiri. Zamani walikwenda nao, wakawalaza chini ya dungu la kuamia ndege, kwenye mbu na jua. Mimi ndiye niliyewaambia waniletee. Nyumba ni kubwa, mimi ni mgane, kazi sina. Shukrani yao inanitosha. Na mchele mpya, wakikumbuka.

Hayo ndiyo ninayowaambia watu. Kweli yenyewe ni Mwaija. Mjukuu wangu, miaka miwili na ushei. Mama yake ni binti yangu Sikuzani, naye yuko bondeni. Baba yake, Bwanausi, yuko Chalinze kwenye kazi ya barabara. Tangu marehemu mke wangu anitoke, nyumba hii ilikuwa kimya hata nilikuwa nasikia mchwa wakila boriti. Akaja Mwaija. Sasa sisikii mchwa. Nikamtafutia wenzake wa kucheza nao, nikawapata kumi. Alhamdulillahi.

Jambo moja tu linaudhi. Mafua! Kabla ya wenzake kuja Mwaija hakuwa na hata chafya. Tangu mwezi jana haya ni mafua ya nne. Anapona Jumatatu, Alhamisi anaanza upya. Na si yeye peke yake. Mmoja akimaliza mwingine anapokea, kama vile wamepangiana zamu. Kibwana, mtoto wa muuza samaki, nadhani alizaliwa na kamasi.

Ng'ambo ya njia, mkabala na mlango wangu, Bi Thuwaiba naye analea watoto barazani kwake. Sita tu, pamoja na mjukuu wake Thuraya. Anawafundisha alifu na bee. Hawakohoi. Anakaa kitini na kujipepea, anatazama watoto wangu, kisha ananitazama mimi. Afadhali angesema kitu.

Nimekwisha gundua sababu. Ni upepo wa kusi. Nimefunga madirisha yote na kuziba nyufa kwa magunia. Watoto wote nimewaweka chumba kimoja, wapate joto.

Alhamisi, 3 Julai

Barua! Imeletwa na utingo wa lori la Msata. Inatoka kwa Bi Ashatu, mama yake Bwanausi, yaani nyanya wa pili wa Mwaija. Imeandikwa na mwalimu wa huko, mwandiko mzuri, maneno mabaya. Bi Ashatu amesikia kwamba mtoto anakohoa tangu mwezi jana. Kasikia kwa nani? Kwa utingo huyuhuyu, aliyenywa maji kwangu juzi! Anasema atakuja Ijumaa ijayo, tarehe 11, baada ya swala. Akimkuta mtoto na kikohozi, atamchukua akamlee yeye.

Nimeisoma mara nne. Haki anayo. Mtoto ni wa kwao, na kwa desturi wa kwanza huenda kwa wazazi wa baba. Nilikuwa naishi kwa kujifanya sijui.

Sikuzani aliporudi nimemsomea. Amesema mafua ni mafua tu, Baba, watoto wote wanayapata, na mama mkwe wake si mtu mbaya. Kisha akaenda kupepeta mpunga. Hii damu ya baridi sijui kaitoa upande gani.

Siku nane. Mwaija alikuwa amekaa mapajani mwangu wakati nasoma, anachezea bahasha, anakohoa. Nikamwambia babu hatakubali. Akanipa bahasha niile.

Ijumaa, 4 Julai

Nimepata njia, na imetoka kwenye kazi yangu mwenyewe. Miaka ishirini na mbili nimesimama forodhani, hakuna gunia lililopita mbele yangu bila kufunguliwa. Sasa mafua yatapitaje?

Alfajiri nimekaa kwenye kigoda mlangoni, kandili mkono mmoja, chaki mkono wa pili. Pua moja baada ya nyingine. Sheria: kamasi nyepesi inapita, kamasi nzito inarudi na mwenyewe. Aliyepita nampiga alama ya chaki mgongoni, kama tulivyofanya kwenye masanduku.

Kwa sheria hiyo wangerudi sita. Kina mama wamekataa katakata. Wamesema mpunga umeiva na ndege hawangoji ukaguzi wa mtu. Wakanirushia watoto juu ya kigoda, wakaondoka mbio. Mwaija naye alikuwa na kamasi nzito kupita wote, lakini yeye ni bidhaa ya ndani. Bidhaa ya ndani haikaguliwi.

Adhuhuri wale wanne waliopita, wenye alama, nao walikuwa wanakohoa! Nimeshindwa kuelewa. Alama zilikuwa bado zinaonekana kabisa.

Alasiri mama yake Kibwana akaja kumchukua mwanawe. Akakuta msalaba mweupe mgongoni kwa kila mtoto aliyevaa nguo safi. Akaniuliza hizi ni alama za nini na mwanawe anapelekwa wapi. Nikaanza kueleza mambo ya forodha. Bi Thuwaiba akavuka njia, akamsaidia kuuliza. Mpaka jua linazama nilikuwa nafua mashati manne kwa mkono wangu. Nashukuru kisima kilikuwa na maji mengi, na chaki haikuwa ya rangi.

Jumamosi, 5 Julai

Kufukiza! Sijui kwa nini sikulianza hili. Nimechukua chetezo cha marehemu, nikatia makaa, ubani na majani ya mwarobaini. Madirisha nimeyafunga ili moshi ufanye kazi yake. Watoto wamekaa duara, wanapenda, Mwaija anapiga makofi.

Ningeishia hapo. Lakini nikakumbuka kwamba mabaharia walikuwa wakifukiza pilipili kavu chomboni ili kufukuza panya. Nikasema nafsini mwangu, panya na mafua vyote ni vitu vinavyojificha. Nikatia kiganja kimoja.

Sitaandika yote. Nitaandika tu kwamba mimi ndiye niliyetoka wa mwisho, nikiwa na watoto wawili kwapani na sioni mbele. Moshi ulipenya makuti, watu wakadhani nyumba inaungua. Mtaa mzima ukaja na ndoo. Walipomaliza kumwagia paa wakanimwagia mimi. Godoro limelowa, redio haipo maana sikuwa nayo, nashukuru.

Nashukuru kweli, sitanii. Ndoo ya kwanza ilifika kabla sijamaliza kupiga chafya ya tatu. Mtaa huu una watu. Bi Thuwaiba amewachukua wote kumi na mmoja, akawaosha macho kwa maji safi, akawapa madafu. Mwaija kalala mapajani mwake. Nilisimama njiani natiririka maji, nikimshukuru na kumkasirikia kwa wakati mmoja. Sijui lipi lilizidi.

Jumatatu, 7 Julai

Habari! Watoto wa Bi Thuwaiba wanakohoa. Watano wote waliokuwepo Jumamosi. Thuraya peke yake kanusurika, maana tangu wiki jana yuko Dar kwa shangazi yake.

Bi Thuwaiba amesimama mlangoni pangu, buibui limenyooka. Amenisabahi kwa adabu zote, akaniuliza hali ya nyumba, akaniuliza hali ya paa. Kisha akasema, "Mafua yako yamefika kwangu, mzee wangu." Nikamjibu kwamba ni mgeni, amkirimu. Lilinitoka vizuri sana hilo jibu. Nimelirudia peke yangu mara kadhaa.

Baadaye nikamwona amembeba mmoja begani, anamfuta, anamfuta tena, naye mwenyewe amechoka. Yote haya kwa sababu alivuka njia kuwaokoa wa kwangu. Nikaacha kulirudia lile jibu. Nimempelekea tangawizi. Amepokea, akasema ahsante, akauliza kama nimetia pilipili.

Zimebaki siku nne.

Jumanne, 8 Julai

Nimekwenda kwa Mwalimu Seleman wa chuo, kuomba kombe. Yeye hufundisha watoto Kurani na huandika aya kwenye vyombo kwa wino wa zafarani, ikaoshwa kwa marashi na maji, mgonjwa akanywa. Marehemu mke wangu aliamini sana kombe la Mwalimu Seleman.

Amenisikiliza vizuri. Akasema nilete vyombo kumi na kimoja, kila mtoto na chake. Mwalimu ni mtu mwema, lakini vyombo kumi na kimoja! Nani ana vyombo kumi na kimoja? Nikampelekea bakuli la kaure la marehemu, lile kubwa la biriani. Nilifikiri hivi: zikigawanywa mara kumi na moja, baraka zitakuwa nyembamba. Chombo kimoja, baraka moja nene. Mwalimu akalitazama bakuli, akanitazama mimi, akarudia neno lake la kila mtoto na chake. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitagawa. Akaandika.

Picha ile ningetaka marehemu angeiona. Watoto mstari mmoja, bakuli linapita mdomo hadi mdomo, hata tone halikumwagika. Nimeanza na Kibwana, maana pua yake ina haja kuliko zote. Sada, mtoto wa mfinyanzi, akakohoa ndani ya bakuli, lakini kidogo. Mwaija nimemweka wa mwisho kwa makusudi, apate ile ya chini iliyotuama zafarani. Kilichobaki nimekinywa mimi, kisipotee.

Nimekwenda msikitini na moyo mweupe. Nimeshukuru hata kabla ya kupona, ili jambo liwe limekwisha.

Jumatano, 9 Julai

Wote hoi. Wote! Hata mimi koo linawasha.

Mwaija ana homa. Asubuhi nilimgusa paji la uso nikaondoa mkono. Hataki uji, hataki kucheza, hataki hata kuvuta ndevu zangu. Anaita mama, na mama yuko bondeni saa mbili za mwendo. Nikambeba mgongoni kwa kanga ya marehemu na kukimbia. Mzee mzima, kanzu nimeikunja mkononi, kofia imedondoka sokoni sikurudi kuiokota. Watoto wengine sikumwachia mtu. Nilipogeuka njiani niliona Bi Thuwaiba anaingia kwangu bila kuitwa.

Nilikuwa nasema maneno njiani. Nilimwambia Mungu kwamba kama ni lazima aende Msata, na aende Msata, mradi aende mzima.

Dispensarini yuko dresa anaitwa Bwanaheri, kijana mpole, mikono yake inanuka sabuni. Amemfunua Mwaija kifua, akamtazama jinsi anavyopumua, akahesabu pumzi kwa saa yake. Muda wote huo mimi sikupumua. Kisha akasema ni mafua tu. Homa itashuka. Kifua hakibonyei, pumzi haziendi mbio, na maji anakunywa. Nikaketi chini, si kwenye benchi, chini.

Akanieleza polepole. Watoto wadogo wakikaa pamoja wanaambukizana, hakuna ajabu. Mwaka wa kwanza wanaweza kuugua mafua mara nane, mara kumi, na kikohozi hukawia hata wiki mbili baada ya homa kwisha. Miili yao inajifunza, baadaye yanapungua. Nimpe maji na uji mwepesi, nifungue madirisha, mikono ioshwe, kila mtoto awe na kitambaa chake na kikombe chake. Akipumua mbio, au kifua kikibonyea, au akikataa kunywa, nimrudishe palepale bila kungoja.

Kisha akaniuliza kwangu wanakunywa vipi. Nikamweleza habari ya bakuli. Akaweka kalamu chini. Akasema kombe halina kosa, kosa ni midomo kumi na miwili kwenye chombo kimoja. "Mzee wangu," akasema, "hapo umeyapandisha mafua gari na ukayafungulia mlango." Nikamwambia nilikuwa nalishuku jambo hilo siku nyingi.

Mwaija amelala sasa, jasho linamtoka, paji limepoa. Nashukuru. Nimeandika nashukuru mara moja tu hapa, lakini nimesema mara nyingi.

Alhamisi, 10 Julai

Mambo yote mapya! Madirisha wazi, magunia nimeyatoa. Nimekata vifuu kumi na kimoja vya nazi, nikavipiga msasa, nikavichora kila kimoja alama yake: samaki wa Kibwana, chungu cha Sada, mwezi wa Mwaija. Bi Thuwaiba amechana kanga kuukuu mbili, vitambaa vya pua kwa watoto wangu na wake. Ukutani nimebandika tangazo kwa herufi za forodhani: KILICHOINGIA KINYWANI MWA MMOJA KISIINGIE KINYWANI MWA MWINGINE. Jambo hili sasa nalijua mpaka mzizi wake. Wakitaka, na waje kuniuliza hata kutoka Dar.

Mwaija amecheza leo. Homa hakuna. Amenivuta ndevu, nimelia kidogo kwa maumivu na kwa mengine.

Lakini anakohoa! Wiki mbili, kasema dresa. Mimi nina siku moja.

Nilikuwa barazani nimeshika tama wakati gari la Dar lilipomshusha Thuraya. Pua kavu. Kifua safi. Kimo kilekile cha Mwaija, ukimtazama kwa mbali. Na Bi Ashatu hajamwona Mwaija tangu arubaini yake!

Sitaandika zaidi, daftari linaweza kusomwa. Nitaandika tu kwamba nimekwenda kumwomba Bi Thuwaiba kitu. Amecheka mpaka amekaa chini. Amesema hapana, mara tatu. Kisha amesema ndiyo, kwa sababu anataka kuona kwa macho yake.

Ijumaa, 11 Julai

Mwandiko uvumiliwe, naandika haraka.

Bi Ashatu ameshuka kwenye lori baada ya swala. Mama wa haja, buibui jipya, kikapu cha machungwa kichwani. Nimempokea, tumeamkiana kwa kirefu: za safari, za Msata, za shamba, za mbuzi. Nilipofika kwenye za mbuzi nikawa naulizia mmoja mmoja. Macho yake yalikuwa yanamtafuta mtoto.

Mtoto alikuwa mapajani mwangu. Thuraya, ndani ya gauni jekundu la Mwaija, kashata mdomoni asiseme kitu. Mwaija yuko ng'ambo, chumba cha ndani kwa Bi Thuwaiba, na kitumbua.

Bi Ashatu akamtazama Thuraya sana. Akauliza pua hii kaitoa wapi. Nikasema ni ya bibi yangu mzaa baba. Akainama, akaweka sikio kifuani mwa mtoto, akasikiliza. Akasema kifua safi kabisa. Nikasema Alhamdulillahi, kwa sauti kubwa mno, watu wawili njiani wakageuka.

Mwaija naye akasikia sauti yangu.

Ametokea barazani kwa Bi Thuwaiba. Akaniona. Akaona kuna mtoto mapajani mwangu, na mtoto huyo amevaa gauni lake. Kilio kile kimefika bomani, nina hakika. Akavuka njia, kiunoni shanga tu, kitumbua mkononi, kamasi michirizi miwili, anakohoa kila hatua. "Babu wangu! Babu wangu mimi!" Akamvuta Thuraya mguu, akamshusha, akapanda yeye. Akafuta pua kwenye kanzu yangu ya Ijumaa, kutoka bega la kulia mpaka la kushoto. Kisha akamgeukia mgeni na kumpigia chafya usoni.

Ng'ambo, Bi Thuwaiba kajifunika uso kwa buibui, mabega yanacheza.

Nilitafuta uongo. Kwa mara ya kwanza maishani nimetafuta nikakosa. Nikasema, "Huyu ndiye." Na baada ya hapo sikuweza kunyamaza. Nikamweleza kila kitu, chaki, pilipili, bakuli, dresa. Nikamwambia nyumba hii ilivyokuwa kabla ya huyu mtoto. Nikamwambia anakohoa, ndiyo, na nimefanya kila la kijinga asikohoe.

Bi Ashatu akafuta uso. Akaomba maji. Nikampa kwenye kifuu kipya. Akauliza pale ukutani pameandikwa nini, nikamsomea. Akasema atalala hapa, na neno lake atalitoa kesho.

Jumamosi, 12 Julai

Nimeamka sina mwili. Kichwa gogo, pua zimeziba zote mbili, sauti imekwenda. Mafua! Mimi! Nikalala kitandani nangoja hukumu bila nguvu hata ya kukaa.

Bi Ashatu akaingia na uji wa pilipili manga. Akaniinua, akaninywesha. Nyuma yake Bi Thuwaiba, ana mafuta ya karafuu ya kuchua kifua. Hawa wawili hawajajuana hata siku mbili, tayari wanapokezana vijiko na kunisema mbele ya macho yangu! Watoto waliletwa asubuhi kama kawaida, mama yake Kibwana hakwenda bondeni, kakaa nao. Mwalimu Seleman kaja kunisomea dua. Kofia yangu iliyodondoka sokoni imerudishwa na mtu nisiyemjua. Mimi nilidhani ninalea mtaa huu, kumbe!

Mwaija kapanda kitandani na kitambaa chake. Akanifuta pua. Si kwa upole, lakini kanifuta. Kisha akakohoa, nami nikakohoa, akaona ni mchezo, akaendelea.

Bi Ashatu alikuwa anatazama. Akasema Msata ana wajukuu saba ndani ya nyumba na jana asubuhi alipoondoka watano walikuwa na kamasi. Nikauliza kwa sauti ya chura, sasa barua ile? Akasema alidhani mtoto kaachwa kwa mzee asiyejali, anakohoa hana wa kumtazama. "Nilikuja kumtoa kwa mtu asiyemtaka," akasema. "Nimemkuta mtu aliyeazima mtoto wa jirani ili asimpoteze huyu. Mtoto nakuachia, mkwe. Ila wallahi una akili mbovu."

Machozi yamenitoka. Nikasema ni mafuta ya karafuu. Hakuna aliyebisha.

Jumatatu, 14 Julai

Nimesimama. Bi Ashatu amerudi Msata na lori la asubuhi, anapiga chafya. Kaacha machungwa yote na kanga ya Mwaija. Utingo kaniomba maji, nimempa, nikamwambia habari atakazopeleka safari hii ni za uzima.

Sikuzani kanicheka kwa siku mbili mfululizo. Anasema alinambia mama mkwe wake si mtu mbaya. Sikumbuki.

Nimekaa barazani naona watoto wote kumi na mmoja na vifuu vyao na vitambaa vyao. Watatu tu wanakohoa. Bi Thuwaiba kanipungia upepeo wake kutoka ng'ambo. Nimempungia. Sina ninachodai kwa mtu yeyote leo.

Alhamisi, 17 Julai

Mavuno yanakaribia kwisha, na mchele mpya wamekumbuka! Nimeona sitakula peke yangu. Leo karamu ya shukrani kwa watoto wote, wangu na wa Bi Thuwaiba. Tangu juzi nafikiri niwape zawadi gani. Kitu cha kuwakusanya pamoja, kitu cha kuwapa furaha.

Nimekipata kwenye duka la Mhindi. Kinanda cha mdomo! Kinang'aa, kina matundu ishirini, ndani ya sanduku la bluu. Kilikuwa kimoja tu, nacho kimenitosha.

Nimewapanga mstari. Nimewafundisha mwenyewe: unakibana vizuri kwa midomo, unapuliza, kisha unavuta pumzi ndani, hapo ndipo sauti tamu inapotoka. Kila mmoja na zamu yake, mpaka mwisho wa mstari, kisha tunaanza upya. Sada kaanza, pua inamchuruzika kidogo tangu jana, lakini ana pumzi nzuri sana. Kibwana kakataa kukitoa mdomoni, tumemvuta watu wawili. Kelele, vicheko, mama zao wanapiga vigelegele uani.

Bi Thuwaiba kafika na wake sita. Kasimama mlangoni akatazama mstari. Kafungua mdomo, kaufunga, kawageuza wote sita, karudi nao kwake. Wivu! Baada ya yote tuliyopitia! Nimemsamehe papo hapo, maana leo siwezi kumkasirikia mtu.

Mwaija kapuliza wa mwisho, na mrefu kuliko wote. Kisha kaja kunilalia kifuani na kupiga chafya mbili. Mavumbi ya mpunga hayo. Alhamdulillahi, pumzi anazo.